Ramani za Kale za Likoni, Kisauni na Changamwe: Zasema Nini, na Nini Hazisemi

Mtu ashikapo ramani ya zamani ya Mombasa, jambo la kwanza alitafutalo ni kijiji chake. Akikiona, hufurahi na kudhani kwamba sasa amepata ushahidi wa shamba la babu yake. Asipokiona, huona kwamba ramani ni ya uongo, au hata huingiwa na shaka kwamba wazee wake walikuwa wageni mahali pale. Fikira zote mbili zaweza kumpoteza. Ramani ni shahidi, na kila shahidi hapana budi aulizwe: ulikuwa wapi, ulitumwa na nani, na ulikuwa ukitazama nini?

WAPIMAJI WA KWANZA WALITOKA BAHARINI

Waingereza wa kwanza kuipima Mombasa kwa uangalifu walikuwa mabaharia. Kapteni W. F. W. Owen alizunguka pwani za Afrika kwa merikebu zake, Leven na Barracouta, kati ya mwaka 1822 na 1826. Aliingia Mombasa mwezi wa Februari 1824, wakati Wamazrui walipokuwa wakigombana na Sayyid Said wa Oman. Owen akauweka mji chini ya ulinzi wa Uingereza. Lakini Serikali ya London haikulithibitisha jambo hilo, na ulinzi ule ukakoma mwaka 1826. Luteni John James Reitz, aliyeachwa kuwa msimamizi, alifariki mwaka ule ule wa 1824. Jina lake likabaki juu ya hori litenganishalo Changamwe na upande wa Likoni, nalo laitwa Port Reitz mpaka leo.

Ramani ya baharia hutengenezwa kwa haja ya baharia. Huonyesha kina cha maji kwa pima, miamba, mlango wa kuingilia, na alama za nchi kavu zimwongozazo nahodha. Bara huachwa nyeupe. Weupe huo haukuwa na maana ya kwamba nchi ilikuwa haina watu. Wachangamwe, pamoja na Wakilindini na Watangana, ndio Thelatha Taifa za Mombasa; na Wajomvu ni miongoni mwa Tisa Taifa. Watu hao walikuwa na miji yao, mashamba yao na baraza zao kabla ya Owen kutia nanga. Asomaye ramani ile bila kujua jambo hili atauchukua usahaulifu wa mchoraji kuwa ni ukiwa wa nchi.

RELI, VITA NA NDEGE

Baada ya Uingereza kutangaza himaya yake mwaka 1895, haja ya ramani ilibadilika. Ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, na njia ikavuka Makupa kwenda Changamwe na kuendelea bara. Sasa walitakiwa watu wa kupima miinuko, mabonde na maji, wala si kina cha bahari peke yake.

Askari nao walikuwa na haja yao. Ramani nyingi za Afrika Mashariki zilitengenezwa chini ya War Office ya London, na msomaji atazijua kwa herufi G.S.G.S. zilizochapwa pembeni pamoja na namba ya mfululizo. Vita vya mwaka 1914 viliikaribisha hatari ya Wajerumani kutoka kusini. Na mwaka 1942 Waingereza waliihamishia Kilindini manowari zao za Bahari ya Hindi, baada ya Wajapani kuishambulia Ceylon. Katika nyakati kama hizo ramani humwangalia zaidi askari: barabara ipitikayo kwa gari, kisima, kilima cha kuwekea mzinga.

Mwaka 1946 iliundwa idara ya kupima makoloni, Directorate of Colonial Surveys. Hapo ndege zikaanza kupiga picha za nchi kutoka juu, na wachoraji wakazitumia picha hizo kuchora karatasi za kipimo cha 1:50,000. Kazi hiyo ilifanywa kwa kushirikiana na Survey of Kenya. Kwa mkulima na mtu wa historia, karatasi hizi ndizo zenye habari nyingi kuliko zote zilizotangulia, maana zaonyesha vijia, vijiji, minazi na mikoko.

JINSI YA KUJUA UMRI WA RAMANI

Mwaka uliochapwa chini ya karatasi si lazima uwe mwaka wa habari zilizomo. Kila ramani ina tarehe tatu: ya kupimwa, ya kusahihishwa na ya kupigwa chapa. Karatasi iliyopigwa chapa mwaka mmoja yaweza kuonyesha nchi kama ilivyokuwa miaka 10 au 20 kabla yake. Kwa hiyo maandishi madogo ya pembeni yasomwe kwanza, kabla ya kuitazama nchi yenyewe.

Pia kazi za watu zilizo juu ya nchi husaidia. Upande wa Kisauni, ramani isiyo na Daraja la Nyali ilipimwa kabla ya mwaka 1931, ulipofunguliwa ule wa kwanza wa kuelea. Daraja la saruji lilifuata mwaka 1980. Upande wa Changamwe, kiwanda cha kusafishia mafuta ni alama ya mwaka 1963 na baada yake, na reli mpya yenye kituo Miritini ni ya mwaka 2017. Mwenye kujua alama nne au tano za namna hii aweza kukisia umri wa karatasi iliyochanika pembeni na kupoteza maandishi yake yote.

KIPIMO NA MIRABA

Hapa ndipo wengi wakosapo. Katika kipimo cha 1:50,000, sentimita 2 juu ya karatasi ni kilomita 1 juu ya nchi. Mstari wenye unene wa nusu milimita, basi, hufunika mita 25. Katika kipimo cha 1:250,000 mstari huo huo hufunika mita 125. Shamba la eka 5 lenye pande nne sawa lina urefu wa mita 142 hivi kila upande. Katika ramani hii ya pili shamba zima ni nukta tu. Mpaka wa jirani wawili wanaogombania minazi mitatu hauwezi kuamuliwa kwa karatasi ya namna hiyo, hata ikiletwa na wakili.

Jambo la pili ni miraba iliyochorwa juu ya ramani. Karatasi za wakati wa vita zilitumia miraba ya yadi. Zilizofuata zilitumia mita. Tena, vipimo vya ramani za Kenya vilijengwa juu ya msingi uitwao Arc 1960, ambao si ule utumiwao na simu na vyombo vya setilaiti. Mtu achukuaye namba za ramani ya zamani na kuzitia katika simu yake bila kuzigeuza, atapelekwa karibu mita 300 mbali na mahali anapopatafuta. Huko Likoni, umbali huo waweza kumtoa mtu katika makaburi ya wazee wake na kumweka katika ua wa mtu mwingine.

MAJINA YASOMWE MARA MBILI

Jina lililo katika ramani ni jina alilolisikia mpimaji, au alilopewa na mkubwa wake. Mwaka 1875 wamisionari wa Church Missionary Society walianzisha huko Kisauni makao ya watumwa waliokombolewa, nayo yakaitwa Freretown kwa heshima ya Sir Bartle Frere. Ramani huandika jina hilo. Lakini watu wa mahali waliisikia kengele iliyotundikwa pale, wakapaita Kengeleni, na jina hilo halikuhitaji idhini ya mpimaji. Majina yote mawili ni historia: moja lasimulia habari za aliyejenga, la pili lasimulia walichosikia waliokaa. Afaaye kukusanya ramani ni yule ayaandikaye yote mawili.

RAMANI SI HATI

Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa Pwani walete madai yao mbele ya ofisa aliyewekwa kuyasikiliza. Ardhi isiyodaiwa, au ambayo dai lake halikuthibitika, ilihesabiwa kuwa ya Serikali. Wengi hawakupata habari kwa wakati, wala hawakuwa na maandishi. Tena, katika Pwani mtu aweza kumiliki minazi na miembe, na ardhi iliyo chini yake ikawa ya mwingine. Ramani ya nchi haionyeshi lolote katika hayo. Alama ya mnazi husema kwamba mnazi ulikuwapo. Haisemi nani aliupanda.

Hata hivyo, haifai kuidharau. Iwapo karatasi iliyopimwa mwaka fulani yaonyesha nyumba, kisima, msikiti au njia mahali fulani, basi ni vigumu kwa mtu kusema kwamba mwaka ule mahali pale palikuwa pori tupu. Sheria ya Kenya iliyorekebishwa mwaka 2016 ilifungua mlango wa miaka 5 kwa malalamiko ya dhuluma za ardhi zilizotokea tangu tarehe 15 Juni 1895 hadi 27 Agosti 2010, yapelekwe kwa Tume ya Taifa ya Ardhi. Mlango huo ulifungwa mwaka 2021. Lakini haja ya kuthibitisha nani aliishi wapi haikufungwa pamoja nao.

KUZITAFUTA NA KUZITUNZA

Ofisi ya Survey of Kenya huko Ruaraka, Nairobi, na Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ndizo za kuanzia. Ng'ambo, British Library ya London inazo ramani za War Office za Afrika Mashariki za miaka 1890 hadi 1940, nayo ilizipiga picha ili zisomwe kwa intaneti.

Aliye na karatasi nyumbani asiikunje upya wala kuibandika kwa utepe wa gundi. Ailaze mahali pakavu, mbali na mchwa na unyevu wa bahari, na aandike kwa penseli nyuma yake ilitoka wapi.

Kisha aichukue nakala, wala si karatasi yenyewe, aende nayo kwa mzee aijuaye nchi, amsomee majina moja moja. Mzee atasahihisha mengine, ataongeza yaliyoachwa, na atataja kisima ambacho hakuna mpimaji aliyekiona. Maneno hayo yaandikwe siku ile ile, pamoja na jina la msemaji na tarehe. Karatasi iliyohifadhiwa London itangoja miaka mingi; mzee wa Mtongwe au Jomvu hawezi kungoja.