Gesi ya Mtungi Hutambaa Sakafuni

Nauza mitungi ya gesi Tunduma, na mteja mpya simwachii aondoke hivi hivi. Ukisikia harufu, namwambia, usiguse swichi. Fungua mlango, usitegemee kidirisha cha juu. Ndani ya mtungi mna propani na butani. Molekuli ya propani ina uzito wa 44, ya butani 58, ilhali wastani wa hewa ni 29. Gesi zote, zikiwa na ujazo, joto na kanieneo sawa, hubeba idadi sawa ya molekuli. Kwa hiyo butani huizidi hewa uzito mara mbili, na hutambaa chini hadi ikute moto.

Heliamu ni 4 tu, nayo hupaa. Mwaka 2016, watafiti wa Oxford na Durham walitangaza kuwa ipo kwa wingi bonde la Rukwa, hapo kaskazini mwetu.

Gesi ninayoiogopa zaidi ni ya jiko la mkaa chumbani, baridi ya Juni. Monoksidi ya kaboni ina 28, karibu sawa na hewa: haitulii chini wala haipandi, inachanganyika tu. Harufu ya mtungi huwekwa kwa makusudi, hii haina.