Mwezi Ulioishinda Sayari

Kwa muda mrefu wanaastronomia waliamini kwamba mwezi mkubwa kuliko yote katika mfumo wetu wa Jua unaizunguka sayari ya Zohali. Jina lake ni Titan, na aliyeugundua mwaka 1655 ni Mholanzi Christiaan Huygens. Vipimo vya darubini viliupa ushindi dhidi ya Ganymede, mwezi wa Mshtarii ambao Galileo aliuona mwaka 1610.

Novemba 1980 chombo cha Marekani, Voyager 1, kikapita jirani na Titan. Kilipojificha nyuma yake, mawimbi ya redio kiliyokuwa kikiyatuma yalilazimika kupenya hewa ya mwezi huo kabla ya kufika duniani, na kwa jinsi yalivyobadilika wataalamu wakajua ardhi yenyewe inaanzia wapi. Kumbe miaka yote hiyo walikuwa wakipima ukungu wa rangi ya chungwa uliotanda zaidi ya kilomita 200 juu ya ardhi. Ni kama kumpima mtu kiuno akiwa amevaa koti la baridi. Koti lilipovuliwa, Titan ukabaki na kipenyo cha kilomita 5,150. Ganymede una kilomita 5,268.

Utaridi, sayari iliyo karibu zaidi na Jua, haifikii hata mmoja kati ya miezi hiyo: kipenyo chake ni kilomita 4,879 tu. Mbona basi yenyewe ni sayari na wao ni miezi? Kwa sababu Utaridi inalizunguka Jua lenyewe, ilhali wao wanazunguka sayari. Upana hauna kauli hapo.

Halafu ipandishe Utaridi kwenye mizani uone. Inauzidi Ganymede zaidi ya mara mbili! Sehemu kubwa ya Utaridi ni kiini cha chuma, wakati Ganymede kwa kiasi kikubwa ni barafu. Ndiyo maana zile picha za vitabuni zinazopanga sayari kama mipira, kuanzia mkubwa hadi mdogo, mimi huziona zinasema nusu ya habari.

Hata majitu yana vituko vyake. Mshtarii ina upana wa kilomita 143,000 hivi kwenye ikweta, sawa na Dunia 11 zikipangwa mstari mmoja. Zohali, ukiacha pete zake, ina kama kilomita 120,500. Kwa macho ni ndugu wanaokaribiana kimo. Kwa uzito, Mshtarii ni Dunia 318 na Zohali ni 95 tu. Gesi ya Zohali imetanda hafifu kiasi kwamba, kwa ujazo uleule, ni nyepesi kuliko maji. Jua linawafunika wote: upana wake ni mara 109 ya Dunia, na ndani yake mna zaidi ya asilimia 99 ya uzito wa mfumo mzima.

Lakini si kila nyota ni pandikizi. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walitangaza nyota iitwayo EBLM J0555-57Ab, ambayo upana wake haupiti sana ule wa Zohali. Yaani Mshtarii, ambayo haikuwahi kuwaka, inaizidi kwa umbo. Ila nyota hiyo imebeba uzito wa Mshtarii 85 hivi, na uzito huo unaikandamiza hadi haidrojeni iliyo katikati inaungana kuwa heliamu. Hapo ndipo nyota huwaka.

Ugomvi wa Pluto nao una mkono wa vipimo. Eris, gimba jingine linalolizunguka Jua, ilipogunduliwa mwaka 2005 ilidhaniwa kuwa pana kuliko Pluto, na mwaka uliofuata, mjini Prague, wanaastronomia wakapiga kura iliyoiondoa Pluto katika orodha ya sayari. Mwaka 2015 chombo cha New Horizons kikapita karibu na Pluto na kuipata na upana wa kilomita 2,377, ambazo zinaizidi Eris kwa kama kilomita 50. Mashabiki wa Pluto walifurahi. Eris, hata hivyo, ni nzito kuliko Pluto kwa zaidi ya robo.