Rangi ya Kuta za Jikoni: Namna ya Kuchagua Inayodumu na Kustahimili Kuoshwa

Hakuna chumba kinachozitesa kuta zake kama jiko. Mvuke wa vyungu huzilowesha, mafuta ya kukaangia huzirukia, na panapopikwa kwa mkaa au kuni, masizi hugandamana nazo kila siku. Kwa sababu hiyo rangi inayodumu miaka mingi sebuleni huweza kuchakaa jikoni mapema mno, na mwenye nyumba akalazimika kununua rangi na kumlipa fundi kwa mara ya pili. Katika sura hii tunaeleza kinachoifanya rangi istahimili kuoshwa, mambo ambayo mlaji anapaswa kuyatazama dukani, na kazi inayotangulia kabla kopo halijafunguliwa.

Kilichomo ndani ya kopo

Rangi ya ukutani ina sehemu kuu nne: chembe zinazoupa ukuta sura yake, unga wa kujazia, ambao mara nyingi ni wa mawe ya chokaa, resini, yaani gundi inayozishikamanisha chembe hizo, na maji au tina, ambayo hukauka na kuondoka. Uimara wa rangi hutegemea sana uwiano wa resini na unga. Resini ikitosha, kila chembe huzungukwa na gundi, na ukuta hupata ngozi iliyofungamana, isiyopenywa na mafuta kwa urahisi. Resini ikiwa haba, hubaki vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Mafuta hujipenyeza humo, na kitambaa chenye maji kinapopitishwa huondoka na doa pamoja na rangi yenyewe.

Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa ya bei. Resini ni ghali, unga wa chokaa ni rahisi. Rangi ya bei ya chini mno huweza kupendeza siku ya kupakwa, kwa kuwa uhaba wa gundi hauonekani. Huonekana siku ya kwanza ya kuosha.

Mng'ao na maana yake

Rangi isiyong'aa huficha mabonde na nyufa ndogo za plasta, lakini aina nyingi za rangi hiyo zina unga mwingi na hazipendi kusuguliwa. Rangi ya maji yenye mng'ao wa wastani, inayojulikana madukani kuwa ya silki, kwa kawaida ina resini zaidi na hufutika vizuri. Kwa majiko mengi tunaishauri hiyo. Kasoro yake ni kwamba huonyesha kila dosari ya ukuta, hivyo plasta inapaswa kusawazishwa kwanza.

Rangi ya mafuta nayo huoshwa bila taabu. Hata hivyo ina harufu kali wakati wa kupaka, huelekea kugeuka njano kadiri miaka inavyopita, na ikipakwa juu ya plasta mbichi ya saruji huharibika na kubabuka, kwa sababu magadi yaliyomo katika saruji huyashambulia mafuta yake.

Baadhi ya makopo, hasa yatokayo Ulaya, huonyesha daraja la ustahimilivu wa kusuguliwa, kuanzia 1 hadi 5. Daraja la 1 ndilo imara kuliko yote: rangi husuguliwa ikiwa na maji mara 200, na unene unaopotea hauzidi maikromita 5. Kwa jikoni, chagua daraja la 1 au la 2. Pasipo na daraja, tafuta maelezo ya wazi kwamba rangi inaweza kuoshwa. Neno "bora" peke yake halimwahidi mnunuzi chochote.

Madini ya risasi

Jambo hili linahusu afya kuliko mapambo. Zamani madini ya risasi yalitiwa katika rangi nyingi, hususan rangi za mafuta zenye wekundu au unjano mkali. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto unaokua, na Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hakuna kiwango chake mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kikomo kinachopendekezwa kimataifa ni sehemu 90 kwa kila milioni ya rangi iliyokauka, na viwango vya Afrika Mashariki vimefuata kikomo hicho. Kwa jicho haiwezekani kujua kama rangi ina risasi. Ndiyo maana tunasisitiza alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) na jina la mtengenezaji anayefahamika.

Katika nyumba kuukuu, rangi ya zamani isikwanguliwe kavu wala isichomwe kwa moto. Iloweshwe kwanza ndipo ipigwe msasa, watoto na wajawazito wakiwa mbali, na vumbi likusanywe kwa kitambaa chenye maji.

Kazi inayotangulia

Rangi nzuri juu ya ukuta mbaya ni fedha iliyotupwa. Plasta mpya iachwe ikauke kwa takriban wiki 4. Ukuta wenye mafuta na masizi uoshwe kwa sabuni, usuuzwe kwa maji safi na uachwe ukauke. Usipofanyiwa hivyo rangi mpya haitashika, na madoa ya masizi yatajitokeza tena juu yake. Ukuta uliopakwa chokaa ukwanguliwe, kisha upakwe praima ya kuushikisha. Palipo na ukungu au unyevu unaopanda kutoka chini, kama inavyotokea mara nyingi katika miji ya pwani, chanzo cha maji kizibwe kwanza. Hakuna rangi inayotibu ukuta unaovuja.

Kiasi cha kununua

Tuchukue jiko la mita 3 kwa 3, lenye kuta za kimo cha mita 2.7. Eneo la kuta zote ni mita za mraba 32.4. Tukitoa mlango na dirisha, hubaki kama 29. Kwa mikono miwili ya rangi, eneo la kupakwa ni mita za mraba 58. Ikiwa kopo limeandikwa kwamba lita 1 hutosha mita za mraba 10, zitahitajika karibu lita 6. Mwenye kununua kopo moja la lita 4 ataishiwa njiani, na hapo ndipo kishawishi cha kuongeza maji kupita maelekezo huingia. Kila maji yanayozidi hupunguza resini ukutani, na rangi ya bei kubwa hugeuka kuwa sawa na ile ya bei ndogo. Mlaji ana haki ya kuwepo rangi inapochanganywa.

Kabla ya kutoka dukani

Hakikisha kwamba:
– kifuniko hakijafunguliwa wala kubandikwa upya;
– kopo lina alama ya TBS, jina na anwani ya mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya kutengenezwa;
– ujazo umeandikwa kwa lita;
– umepewa risiti ya EFD inayotaja aina ya rangi.

Kwa mwenye shaka, jaribio ni jepesi. Nunua kopo dogo kwanza, paka kipande cha ukuta, na usubiri. Rangi ya maji hukauka kwa saa chache, lakini hukomaa baada ya wiki kadhaa, na kabla ya hapo isisuguliwe. Ikishakomaa, ipitishie kitambaa chenye maji ya sabuni. Kitambaa kikitoka na rangi, usiendelee kuinunua.

Ukishuku kwamba umeuziwa rangi bandia, tunza kopo na risiti, kisha utoe taarifa kwa Tume ya Ushindani. Kwa suala la ubora, TBS. Na kwa ujazo pungufu, Wakala wa Vipimo. Kopo lililotupwa haliwezi kupimwa, na lalamiko lisilo na risiti huwa gumu kuthibitishwa.