Jaribio la Mshumaa na Bilauri: Ni Nini Kipandishacho Maji?

Hapana shaka kila mwanachuo amepata kuliona jaribio hili, kama si kulifanya mwenyewe. Mshumaa mfupi husimamishwa katika sahani yenye maji, ukawashwa, kisha ukafunikwa kwa bilauri ya kioo. Punde mwali huzimika, na maji hupanda ndani ya bilauri. Mwalimu huandika ubaoni kwamba mshumaa umemaliza oksijeni yote, na kwa kuwa oksijeni ni karibu sehemu moja ya tano ya hewa, maji nayo yamepanda kiasi hicho hicho.

Maelezo hayo ni mepesi kukumbuka, lakini si sahihi.

Nililazimika kulifikiri upya jambo hili nilipokuwa nikikagua mazoezi ya kufundisha katika Darasa la Tano. Andalio la somo lilikuwa zuri. Mwanachuo alipokwisha kueleza, mtoto mmoja wa mstari wa nyuma alinyosha mkono akauliza: "Mwalimu, mbona maji yalingoja mpaka moto uzimike?" Akaambiwa aketi. Nakiri kwamba hata mimi, niliyekuwa na karatasi ya alama mkononi, sikuwa na jibu papo hapo.

Mtoto yule alikuwa ametazama vizuri kutushinda sote. Lau maji yangekuwa yanashika nafasi ya oksijeni inayotumika, yangepanda polepole tangu mwanzo, mshumaa ungali unawaka. Sivyo ionekanavyo: hupanda kidogo sana, kisha mwali ukififia na kufa huruka ghafla.

Sababu kubwa ni joto. Hewa iliyo karibu na mwali hupata moto na kutanuka, hata bilauri inaposhushwa huwa imekwisha kujaa hewa ya moto; mara nyingine mapovu huonekana yakitoka ukingoni. Mwali ukizimika, hewa iliyobaki hupoa na kunywea, mgandamizo wake hupungua, na hewa ya nje huyasukuma maji yaingie. Angalia neno hilo: maji hayavutwi, husukumwa.

Na oksijeni je? Hutumika, ila si yote. Katika hewa ya kawaida ni asilimia 21. Mshumaa huzimika ingali yapata asilimia 16. Tena sehemu kubwa ya nafasi ya ile iliyotumika hushikwa na kaboni dioksidi itokayo katika mwako. Kwa hiyo mchango wa oksijeni katika kupanda kwa maji upo, lakini ni mdogo.

Ndugu mwanachuo, usiwasomee watoto maelezo haya. Waache wayapime. Rudia jaribio kwa bilauri ile ile, safari hii ukisimamisha mishumaa mitatu badala ya mmoja. Oksijeni iliyomo haikuongezeka, basi kwa maelezo ya zamani maji yangepanda kiasi kile kile. Yatapanda zaidi, kwa kuwa joto ni zaidi. Waambie watabiri kwanza na kuandika utabiri wao daftarini, ndipo uwashe kibiriti.

Kisha ondoa moto kabisa. Tia maji ya moto katika chupa ya kioo, kidogo kidogo isije ikapasuka, uyamwage, na upesi uiinamishe chupa mdomo chini katika bakuli la maji baridi. Hapana mshumaa, hapana mwako, na maji hupanda vile vile. Jaribio hili la pili hufanywa na walimu wachache mno, nami naliona ndilo lenye nguvu kuliko lile la kwanza.

Kuhusu vifaa: yatie maji rangi kwa majani ya chai ili walio nyuma waone. Weka sarafu mbili tatu chini ya ukingo wa bilauri, la sivyo maji hukosa njia ya kuingilia. Mishumaa yote iwe na kimo kimoja; mmoja mrefu ukikatwa vipande watosha.