Lubilo, ndugu yake mbio

"Kuya lubilo!" Ndivyo abiria anavyohimizwa mjini Likasi, Katanga, nchini Kongo, pale gari la kwenda Lubumbashi, safari ya kilomita kama 120, linapobakiza kiti kimoja. Mgeni kutoka Dar es Salaam au Mombasa atafahamu kwa kuona mkono unavyopungwa. Angeambiwa "njoo mbio" asingehitaji mkono.

Wapo wasomi wanaolidharau neno lubilo na kuliita la mitaani, Kiswahili kilichoharibika. Wanakosea, na ushahidi umo ndani ya Kiswahili chenyewe. Tunasema ubao mmoja, mbao nyingi. Kwa mtindo huohuo lubilo hutoa mbilo. Sasa iondoe ile l ya katikati, kama pwani ilivyozoea kufanya: Mluba husema nzala, mtu wa Likasi husema njala, mtu wa pwani husema njaa. Mbilo ikawa mbio. Ndiyo maana hata leo twasema "mbio zimeanza", kwa upatanisho wa wingi, ingawa umoja wake hatunao tena. Likasi wanao.

Hawakuubuni. Waluba wa Katanga wana lubilo, wa Kasai lubilu, Wabemba ulubilo. Union Minière, kampuni iliyoanzishwa 1906, ilikusanya vibarua kutoka Kasai na Rhodesia ya Kaskazini, ikawaweka pamoja kwenye kambi za migodi, na Kiswahili kikawa lugha ya kazi. Katika mji wa Likasi, ulioitwa Jadotville hadi 1966, kila mmoja alikuja na lugha yake, lakini neno la kukimbia karibu wote walikuwa nalo tayari. Lingepotelea wapi?

Leo lubilo hufanya kazi nyingi. Pikipiki "iko na lubilo", yaani ina kasi. Mtoto akitumwa sokoni huambiwa aende lubilo, na mama akiona anazubaa huongeza: lubilo-lubilo!

Kinachochekesha ni kwamba haraka, neno la Kiarabu ambalo kwa Waarabu maana yake ni mwendo tu, lilipokelewa kwenye kamusi bila maswali. Hili la Kibantu, la damu moja na mbio, ndilo linaloambiwa lisubiri mlangoni.

Watunga kamusi waliingize, hata kama pembeni wataandika "Kongo". Na mwalimu wa Likasi akilikuta kwenye insha ya mwanafunzi, amfundishe mbio bila kulikata lubilo kwa wino mwekundu.