Migahawa ya Kisichuan na Kithai mjini Los Angeles

Migahawa ya Kisichuan na Kithai mjini Los Angeles ni sehemu za kula za bei nafuu au ya wastani zilizopo katika jiji la Los Angeles na miji ya jirani, jimbo la Kalifornia, nchini Marekani. Migahawa hiyo hupika vyakula vya jimbo la Sichuan, kusini-magharibi mwa Uchina, na vya nchi ya Uthai (pia: Thailand).

Mingi iko katika majengo ya maduka ya safu moja yenye maegesho ya magari mbele yake, kando ya dobi, saluni au duka la vyakula. Migahawa ya Kithai imekusanyika hasa katika mtaa wa Thai Town, eneo la Hollywood Mashariki. Ile ya Kisichuan hupatikana zaidi katika bonde la San Gabriel, mashariki mwa jiji, kwenye miji kama Alhambra, Monterey Park na San Gabriel.

Aina zote mbili zinajulikana kwa pilipili, na kwa sababu hiyo wageni wengi huzichanganya, ingawa ni mapishi mawili tofauti. Historia ya migahawa hiyo inaonyesha pia kwamba chakula kinachofika mezani hakitokani na ustadi wa mpishi peke yake. Kinategemea sheria za uhamiaji, ruhusa ya kuingiza viungo nchini na matakwa ya wateja.

Pilipili na ukali wake

Asili ya pilipili kali (jenasi Capsicum) ni bara la Amerika. Ilianza kuenea Asia na Afrika katika karne ya 16, kupitia safari za Wareno na Wahispania. Kwa hiyo Sichuan, Uthai na pwani ya Afrika ya Mashariki zote ziliipokea kutoka ng'ambo. Kabla ya hapo Wasichuan walitumia tangawizi na pilipili ya Sichuan, na Wathai walitumia pilipili manga.

Ukali wa pilipili hutokana na kemikali iitwayo kapsaisini. Kemikali hiyo huamsha kipokezi cha neva kiitwacho TRPV1, ambacho kazi yake ya kawaida ni kutambua joto. Ndiyo sababu mlaji huhisi kuungua ingawa hakuna moto. Kipokezi hicho kilitambuliwa mwaka 1997 na kikundi cha mwanasayansi David Julius wa Chuo Kikuu cha Kalifornia, San Francisco. Mwaka 2021 Julius alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba pamoja na Ardem Patapoutian.

Kapsaisini haiyeyuki vizuri katika maji, hivyo kunywa maji hakuondoi ukali. Maziwa husaidia zaidi, na wali mweupe hupunguza makali mdomoni.

Upishi wa Sichuan

Ladha inayotambulisha upishi wa Sichuan huitwa mala. Neno hilo la Kichina limeunganisha ma, yaani ganzi, na la, yaani ukali. Ukali unatoka kwenye pilipili ya kawaida, nayo ganzi inatoka kwenye pilipili ya Sichuan, inayoitwa huajiao. Huajiao si pilipili kwa maana ya kibotania. Ni maganda makavu ya matunda madogo ya miti ya jenasi Zanthoxylum, katika familia moja na michungwa na milimau. Mti wa mjafari wa Afrika ya Mashariki (Zanthoxylum chalybeum), unaotumika katika tiba za asili, ni wa jenasi hiyohiyo. Anayeionja huajiao kwa mara ya kwanza huhisi midomo na ulimi vikitetemeka kisha kufa ganzi kwa dakika chache. Hali hiyo hupita yenyewe.

Kiungo kingine cha msingi ni doubanjiang, rojo la pilipili na maharagwe mapana lililochachushwa kwa chumvi kwa miezi au miaka. Lile la wilaya ya Pixian, karibu na mji mkuu Chengdu, ndilo maarufu zaidi. Mwaka 2010 UNESCO iliitambua Chengdu kuwa mji wa ubunifu katika upishi.

Vyakula vinavyopatikana karibu katika kila mgahawa wa Kisichuan ni pamoja na:

- Mapo tofu: vipande laini vya tofu (iliyogandishwa kutokana na maziwa ya soya) katika mchuzi mwekundu wenye nyama ya kusaga. Husimuliwa kwamba kilianzishwa Chengdu katika karne ya 19 na mwanamke mwenye makovu usoni, na jina lake linatokana na makovu hayo.
- Kuku wa gongbao: vipande vidogo vya kuku vilivyokaangwa kwa moto mkali pamoja na karanga na pilipili kavu. Jina linahusishwa na cheo cha Ding Baozhen, gavana wa Sichuan katika karne ya 19.
- Tambi za dandan: huitwa hivyo kutokana na mti wa mabegani ambao wachuuzi waliutumia kubebea vyombo vyao mitaani.

Si kila chakula cha Sichuan ni kikali. Supu nyepesi na mboga za kukaangwa kwa vitunguu saumu huliwa pamoja na vile vikali ili kuleta uwiano.

Upishi wa Uthai

Mpishi wa Kithai hutafuta uwiano wa ladha nne: chachu, tamu, chumvi na kali. Uchachu hutoka kwenye ndimu au ukwaju, utamu kwenye sukari ya mnazi au ya mitende, na chumvi kwenye mchuzi wa samaki uitwao nam pla. Harufu nzuri huletwa na mchaichai, majani ya mrehani, majani ya kotimiri, na galanga, ambayo ni mzizi wa jamii ya tangawizi. Viungo kadhaa kati ya hivyo, pamoja na tui la nazi, si vigeni kwa wapishi wa pwani ya Waswahili.

Vyakula hutofautiana kwa kanda. Kaskazini-mashariki, katika eneo la Isan, watu hula wali wa kunata kwa mkono, pamoja na som tam, yaani saladi ya papai bichi iliyotwangwa katika kinu. Sehemu za kati zinajulikana kwa supu ya kamba iitwayo tom yum kung, iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi usioshikika mwaka 2024. Kusini, karibu na Malaysia, michuzi huwa na manjano mabichi na pilipili nyingi zaidi. Pad thai, tambi za mchele zilizokaangwa, zilienezwa na serikali ya Phibun Songkhram kuanzia mwisho wa miaka ya 1930 kama chakula cha taifa.

Historia

Uhamiaji

Wachina wa kwanza waliofika Kalifornia katika karne ya 19 walitoka hasa jimbo la Guangdong, kusini mwa Uchina. Sheria ya mwaka 1882 ilizuia vibarua wa Kichina kuingia Marekani, nayo ilifutwa mwaka 1943 tu. Kwa sababu hiyo, kwa miaka mingi "chakula cha Kichina" nchini humo kilimaanisha chakula cha Guangdong kilichobadilishwa ili kuwapendeza Wamarekani.

Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1965 iliondoa mgawo wa zamani uliowabagua watu wa Asia. Baada yake walikuja wahamiaji kutoka Taiwan, ambako wapishi wa Kisichuan walikuwa wamehamia baada ya mapinduzi ya mwaka 1949, na baadaye kutoka Uchina bara. Wengi walikaa bonde la San Gabriel. Wathai nao walianza kuja kwa wingi katika miaka ya 1960 na 1970, wengine wakiwa wanafunzi, na Los Angeles ikawa na jumuiya kubwa ya Wathai.

Marufuku ya pilipili ya Sichuan

Mwaka 1968 serikali ya Marekani ilipiga marufuku uingizaji wa pilipili ya Sichuan. Kwa kuwa mti wake ni wa familia ya michungwa, ilihofiwa kwamba ungeleta ugonjwa wa bakteria unaoharibu mashamba ya machungwa. Ugonjwa huo hauwadhuru binadamu. Kwa miaka mingi marufuku haikusimamiwa kwa ukali, lakini mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikazwa. Iliondolewa mwaka 2005 kwa sharti kwamba maganda yapashwe joto kwanza ili kuua bakteria.

Hivyo kwa takriban miaka 37 mpishi wa Kisichuan hakuweza kununua kihalali kiungo kikuu cha upishi wake. Wateja wengi walizoea chakula chenye la bila ma, wakadhani ndicho cha Sichuan. Baada ya 2005 migahawa yenye ladha kamili iliongezeka. Mmojawapo ni Chengdu Taste, uliofunguliwa Alhambra mwaka 2013, unaojulikana kwa nyama ya kondoo yenye bizari nyembamba iliyochomekwa kwenye vijiti vya meno.

Thai Town

Tarehe 2 Agosti 1995 maafisa walivamia jengo katika mji wa El Monte, ndani ya bonde la San Gabriel, wakawaokoa Wathai 72 waliokuwa wamefungiwa humo na kulazimishwa kushona nguo. Shirika la Thai Community Development Center, lililoanzishwa mwaka 1994, lilikuwa kati ya yale yaliyowasaidia. Shirika hilohilo liliongoza kampeni ya kutaka mtaa wa Wathai utambuliwe rasmi ili wafanyabiashara wadogo, wakiwemo wenye migahawa, wapate wateja na sauti. Mnamo Oktoba 1999 halmashauri ya jiji ilitangaza Thai Town, ambayo ni sehemu ya barabara ya Hollywood.

Mgahawa wa Jitlada, ulio katika mtaa huo, unaonyesha nguvu ya wateja. Vyakula vyake vya kusini mwa Uthai viliandikwa kwa Kithai tu. Vilipotafsiriwa kwa Kiingereza, wasio Wathai walianza kuviagiza. Mwandishi Jonathan Gold, aliyekuwa mhakiki wa kwanza wa migahawa kupata Tuzo ya Pulitzer (2007), aliusifu katika makala zake.

Namna ya kuagiza na kula

Katika mapishi yote mawili chakula huwekwa katikati ya meza na kila mtu hujipakulia. Watu wanne kwa kawaida huagiza sahani nne au tano zinazotofautiana: nyama, mboga, supu, kitu kikali na kitu kisicho kikali. Wasichuan hutumia vijiti. Wathai hutumia kijiko na uma: uma husukuma chakula kwenye kijiko, na kijiko ndicho kinachoingia mdomoni.

Mhudumu wa mgahawa wa Kithai huuliza kiwango cha ukali. Kiwango cha kati cha mgahawa mmoja kinaweza kuzidi kile cha juu cha mwingine, hivyo ni salama kuanza chini, kwa kuwa pilipili ya kuongeza huwekwa mezani. Katika chakula cha Kisichuan pilipili kavu nzima huwekwa kwa ajili ya harufu. Walaji huziacha kwenye sahani.

Waislamu, walaji wa mboga na wenye mzio wanapaswa kuuliza kabla ya kuagiza. Mapo tofu mara nyingi huwa na nyama ya nguruwe au ya ng'ombe. Mchuzi wa samaki na uduvi huingia hata katika saladi za Kithai, na karanga hutumika sana pande zote mbili.

Gharama na usafi

Bei ya kwenye orodha haijumuishi kodi ya mauzo. Wateja pia huacha bakshishi, kwa kawaida asilimia 15 hadi 20 ya bei. Katika jimbo la Kalifornia mwajiri hawezi kuhesabu bakshishi kama sehemu ya mshahara wa kima cha chini.

Tangu mwaka 1998 kaunti ya Los Angeles huagiza kila mgahawa uliokaguliwa ubandike karatasi ya alama za usafi mahali panapoonekana: A ni alama 90 hadi 100, B ni 80 hadi 89, na C ni 70 hadi 79. Alama hizo zinahusu usafi wa jiko na utunzaji wa chakula, wala hazipimi ladha.