Mchezo Ulioundwa Upya: Istilahi na Hukumu Zilizofichika Ndani Yake

Kila kitu kipya kiingiapo nchini hudai jina. Michezo ya video imekwisha kuenea miongoni mwetu. Katika mitaa ya Dar es Salaam, toka Kinondoni hata Chang'ombe, si ajabu kukuta kibanda cha gemu ambamo vijana hulipa fedha kidogo ili wacheze kwa zamu. Hata hivyo, lugha ya kuizungumzia michezo hiyo bado haijatulia. Makala haya yanashughulikia sehemu moja tu ya tatizo hilo, nayo ni hii: mchezo wa zamani unapotengenezwa tena na kuuzwa kwa jina lile lile, tuuiteje?

Swali hili huonekana dogo. Lakini ndani yake mna swali jingine, ambalo wapenzi wa michezo hiyo hubishana juu yake kila siku: je, kutengenezwa tena huupandisha mchezo hadhi, au huushusha? Tunakusudia kuonyesha kwamba mfasiri asiyeangalia hulijibu swali hili la pili kabla ya kuulizwa, kwa sababu tu ya neno alilolichagua.

Maneno yanayohukumu

Neno linalotumiwa sana ni kuboresha. Husemwa "toleo lililoboreshwa", na wauzaji hulipenda neno hilo kwa sababu iliyo wazi. Kuboresha ni kufanya kitu kiwe bora zaidi. Kwa hiyo aliyesema "lililoboreshwa" amekwisha kutoa hukumu. Neno kufufua nalo lina kasoro yake, kwani hufufuliwa kilichokufa, na michezo mingi ya namna hii haikufa; bado inachezwa. Kukarabati hudokeza kwamba kitu kilikuwa kimechakaa. Tena, jengo likikarabatiwa halibaki lile la kale kando ya jipya. Limekuwa hilo hilo moja. Mchezo sivyo ulivyo: wa kale na wa sasa huweza kuwapo pamoja.

Upande wa pili wa mizani kuna neno asilia. Wako wasemao "mchezo asilia" kwa maana ya ule uliotangulia. Lakini asilia katika Kiswahili hubeba sifa: dawa ya asilia, ngoma ya asilia, yaani ile ya kweli isiyochanganywa. Atumiaye neno hilo ameegemea upande wa mchezo wa kale, hata kama hakukusudia. Kwa sababu hiyo twaona yafaa kusema mchezo wa awali, maneno yanayotaja wakati tu bila ya kutaja ubora.

Mapendekezo

Yapo matendo matatu ambayo hayana budi kutenganishwa, ingawa mara nyingi huchanganywa.

La kwanza ni kuhamisha. Mchezo uliohamishwa ni ule uliotolewa katika mashine moja ukafanywa uweze kuchezwa katika mashine nyingine, pasipo kubadilishwa umbo.

La pili ni kung'arisha, lile ambalo vijana huliita rimasta. Mchezo uliong'arishwa ni ule ule wa awali, ila picha zimesafishwa na sauti zimetakaswa. Kung'arisha hutendewa uso wa kitu, si kiini chake. Na kitu chaweza kung'arishwa vizuri au vibaya. Kwa hiyo neno hili halihukumu.

La tatu ni kuunda upya, ambalo huitwa rimeki. Hapa waundaji huanza tena kutoka msingini: huandika programu mpya, huchora watu na mahali upya, na pengine hubadili hata hadithi. Mfano mzuri ni Resident Evil 2 ya kampuni ya Capcom. Ile ya 1998 ilimwonyesha mchezaji kila chumba kutoka pembe zilizowekwa na waundaji. Ile ya 2019 humfuata mchezaji nyuma ya bega lake popote aendapo. Jina ni moja na kisa ni kimoja, lakini kitendo cha kucheza si kile kile.

Kadhalika, twashauri kwamba mwaka utajwe kila mara. Wakazi wa Chang'ombe wanayo sababu ya kulielewa shauri hili kuliko watu wengine. Katika eneo hilo, wilayani Temeke, vimesimama viwanja viwili vya mpira vinavyopakana. Cha kale ndicho kilichoshuhudia sherehe za uhuru wa Tanganyika mwezi Desemba 1961, nacho kwa miaka mingi kiliitwa Uwanja wa Taifa. Kilipofunguliwa kiwanja kipya mwaka 2007, chenye nafasi ya watazamaji wapatao 60,000, jina la Uwanja wa Taifa lilihamia huko, na cha kale kikajulikana kuwa Uwanja wa Uhuru. Mwaka 2020 kile kipya nacho kilipewa jina la Rais Benjamin Mkapa. Matokeo yake ni kwamba karani asomaye barua ya zamani inayotaja "Uwanja wa Taifa" hawezi kujua ni kiwanja gani mpaka atazame tarehe. Ndivyo ilivyo kwa Resident Evil ya 1996 na Resident Evil ya 2002, michezo miwili yenye jina moja. Orodha ya maktaba isiyotaja mwaka haimsaidii msomaji.

Je, mchezo hupanda au hushuka?

Istilahi zikiisha kutulia, swali lenyewe laweza kuulizwa kwa haki. Twaona kwamba halina jibu moja, bali lina vipimo vitatu: kilichoongezwa, kilichoondolewa, na hali ya mchezo wa awali baada ya mpya kutoka.

Kipimo cha kwanza hakina utata mwingi. Picha huwa safi zaidi, sauti za waigizaji husikika vizuri zaidi, na vidole vya mchezaji hutii kwa urahisi zaidi. Katika Final Fantasy VII ya 1997 wahusika walizungumza kwa maandishi tu. Katika ile iliyoundwa upya, ambayo sehemu yake ya kwanza ilitoka 2020, wanasema kwa sauti, na mji ulioonekana kwa muda mfupi umekuwa mpana. Lakini hadithi iliyokuwa kamili katika mchezo mmoja sasa imegawanywa katika sehemu kadhaa zinazouzwa mbalimbali.

Kipimo cha pili kina mambo mengi zaidi, kwa kuwa kinachoondolewa aghalabu hudhaniwa kuwa ni kasoro. Chukua Grand Theft Auto: San Andreas ya 2004. Mashine za wakati ule hazikuweza kuonyesha mbali, hivyo upeo wa macho ulifunikwa na ukungu. Ukungu huo ulitokana na unyonge wa mashine, lakini ulifanya kazi kubwa: ulimfanya mchezaji aamini kwamba nchi anayosafiri ndani yake haina mwisho. Mwaka 2021 mchezo huo ulitolewa tena pamoja na wenzake wawili, ukiwa umeng'arishwa, na ukungu ukaondolewa. Mchezaji akipanda juu aliweza kuona kutoka mji huu mpaka mji ule, na nchi iliyoonekana kubwa ikawa kama kijiji. Malalamiko yalikuwa mengi, na kampuni ya Rockstar ikaomba radhi. Mwaka 2024 wachezaji walipewa njia ya kuurudisha mwonekano wa anga wa zamani. Hapa kasoro ya ufundi ilikuwa imegeuka kuwa sehemu ya sanaa.

Kipimo cha tatu ndicho kizito kuliko vyote. Kabla ya kutoa michezo ile ya 2021, kampuni hiyo iliiondoa ya awali katika maduka yake ya intaneti. Baada ya malalamiko iliirudisha ile ya kompyuta. Kampuni ya Blizzard ilipotoa Warcraft III: Reforged mwezi Januari 2020, hata wale waliokuwa wamenunua mchezo wa 2002 na kuridhika nao walijikuta wakiletewa programu mpya mahali pa ile waliyoizoea. Mchezo mpya ukiwa mbaya, na wa awali ukiwa bado upo, hakuna aliyepoteza kitu. Lakini wa awali ukiondolewa, hata mpya ulio mzuri umeacha pengo.

Jambo hili si geni katika fasihi yetu. Mwalimu Nyerere aliitafsiri tamthilia ya Shakespeare ikatoka mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar, kisha akairekebisha ikatoka tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwenye kulinganisha maandishi hayo mawili huona jinsi Kiswahili kilivyokuwa kikisafiri, kuanzia jina lenyewe la kitabu. Angekuwa na la pili peke yake, safari hiyo asingeiona.

Hitimisho

Kwa hiyo tunapendekeza maneno haya yatumiwe: mchezo wa awali, mchezo uliohamishwa, mchezo uliong'arishwa, na mchezo ulioundwa upya, kila mmoja ukifuatwa na mwaka wake. Neno kuboresha na litumiwe na mhakiki aliyekwisha kupima na kuona, si na mfasiri wa maelezo yaliyo juu ya kasha. Mwalimu anayewafundisha wanafunzi kuandika uhakiki atakuwa amewasaidia sana akiwazoeza kuuliza kilichoongezwa, kilichoondolewa na kilichobaki. Nao watumishi wa maktaba na wa idara za serikali wakumbuke kwamba maneno "toleo jipya", yakiandikwa peke yake, humshawishi mtu kulitupa la kale. Kilichotupwa kwa sababu ya jina baya ni vigumu kukipata tena.